Maputo ya Loon katika anga la Kenya: mawimbi yalishika, hesabu ikakataa

Julai 7, 2020, katika kijiji cha Radad, Kaunti ya Baringo, Waziri wa TEHAMA Joe Mucheru alizindua huduma ya 4G iliyotoka kwenye maputo yanayoelea kilomita 20 juu ya vichwa vya watu. Maputo yalikuwa ya Loon, kampuni ya Alphabet, ambayo pia ndiyo inayomiliki Google. Masafa ya redio na wateja walikuwa wa Telkom Kenya. Maputo hayo yalikuwa yameshafanya kazi ya dharura Peru na Puerto Rico, lakini Kenya ilikuwa nchi ya kwanza duniani kuyatumia kwa huduma ya kulipia, ya kila siku, bila janga lolote kutokea. Miezi sita na nusu baadaye, Januari 21, 2021, Alphabet ilitangaza kwamba inaifunga Loon. Machi mwaka huohuo huduma ya Kenya ikazimwa.

Tangu hapo kisa hiki husimuliwa kwa njia mbili. Wapo wanaosema maputo yalikuwa ndoto ya matajiri wa California waliotaka kujaribia vitu vyao Afrika. Wapo wanaosema wazo lilikuwa zuri ila lilicheleweshwa na urasimu, likapitwa na wakati. Sikubaliani na upande wowote, na sioni kama ni suala la kihistoria tu. Teknolojia zinazobisha hodi Afrika Mashariki sasa hivi, yaani setilaiti zinazoongea na simu moja kwa moja na ndege zisizo na rubani zinazokaa angani miezi, zinaleta ahadi ileile ya Loon kwa watu walewale. Tukikosea kuelewa kilichoiangusha Loon, tutazipa leseni hizi mpya kwa masharti yaleyale.

Simu ya Radad ilivyofika kwenye intaneti

Tuanze na mtambo wenyewe, kwa sababu hapo ndipo Loon ilipofaulu na hapo ndipo wengi huipunja sifa.

Puto likijaa lilikuwa na upana wa uwanja wa tenisi. Ngozi yake ni polithini nyembamba, ndani mna heliamu ya kulinyanyua, na ndani yake tena mna mfuko wa pili wa hewa ya kawaida. Pampu ikiingiza hewa kwenye mfuko huo, puto linakuwa zito na kushuka, ikiitoa, linapanda. Injini ya kulisukuma mbele haikuwapo kabisa. Katika stratosfia, tabaka la anga lililo juu ya mawingu, upepo hubadilika mwelekeo kadiri ya kimo, kwa hiyo puto likitaka kwenda magharibi lilitafuta kimo chenye upepo unaovuma magharibi. Nahodha wa jahazi husubiri kaskazi igeuke kusi. Puto la Loon lilizipata pepo zake zote kwa wakati mmoja, zimepangana moja juu ya nyingine, kazi ikawa ni kuchagua. Uchaguzi huo ulifanywa na kompyuta. Desemba 2020, wiki saba kabla ya kampuni kufungwa, wahandisi wa Loon na Google walichapisha katika jarida la Nature jinsi walivyoifundisha programu kujifunza yenyewe kulibakiza puto karibu na mahali pamoja kwa kupanda na kushuka tu.

Chini ya puto palining'inia paneli za sola, betri na antena. Mtu wa Radad akiwasha data, simu yake haikujua kama inaongea na puto. Iliona mnara wa kawaida wa 4G. Hili liliwezekana kwa sababu ya umbali. Kilomita 20 ni mbali ukizipima barabarani, lakini zikiwa wima, bila kilima wala mti wala ukuta katikati, ni umbali ambao simu ndogo ya mfukoni inaumudu. Nguvu ya wimbi hupungua kwa mraba wa umbali. Setilaiti za Starlink zinazoongea moja kwa moja na simu huzunguka kwenye kimo cha kilomita 360 hivi, ambazo ni mara 18 ya kimo cha puto. Mraba wa 18 ni 324. Maana yake, kama mengine yote yako sawa, wimbi linalofika kwenye setilaiti ni dhaifu mara 324 kuliko lile linalofika kwenye puto. Setilaiti hulipia tofauti hiyo kwa antena kubwa na kwa kupunguza kasi anayopata kila mtu. Puto halikuwa na deni hilo.

Kutoka puto la kwanza, data ilirukia puto la pili kwa mawimbi ya kati ya gigahezi 71 na 86. Urefu wa wimbi hapo ni kama milimita 4. Mwale wake ni mwembamba na hubeba data nyingi mno, lakini una adui mmoja mkubwa, mvua. Ukifunga kiungo cha aina hii kati ya vilima viwili vya Kericho, mvua ya alasiri itakutesa. Kilomita 20 juu, hata hivyo, hakuna mvua. Mawingu yote yako chini. Ni hatua ya mwisho tu, kutoka puto hadi kituo cha ardhini, iliyopita kwenye hali ya hewa. Mwaka 2018 Loon ilipitisha data kwenye maputo saba mfululizo, safari ya kilomita 1,000. Uhodari mwingine ulikuwa kwenye programu iliyopanga, maputo yakiendelea kutembea, ni lipi lielekeze antena yake kwa lipi na data ipite njia gani.

Matokeo? Mwishoni mwa Juni 2020 kipimo kilichofanywa Kenya kilionyesha kasi ya megabiti 18.9 kwa sekunde kushusha, 4.74 kupandisha, na ucheleweshaji (muda wa data kwenda na kurudi) wa milisekunde 19. Hiyo ni kasi ya kupiga simu ya video bila kukatika. Kwa viwango vya kijijini ni kasi ya kuheshimika, na ipo minara ya mjini isiyoifikia saa za jioni watu wakiwa wengi. Kwa hiyo anayesema Loon ilishindwa kwa sababu puto haliwezi kuwa mnara, anapingana na vipimo.

Miaka miwili ya kungoja

Telkom na Loon walitangaza makubaliano yao Julai 2018. Huduma ilianza Julai 2020. Katikati kulikuwa na kazi ya vibali ambayo mnara wa kawaida hauhitaji. Maputo yalirushwa kutoka Puerto Rico na Nevada, Marekani, yakasafirishwa kwa upepo hadi Afrika Mashariki, yakipita juu ya nchi nyingi njiani. Likitoka nje ya Kenya kidogo kutafuta upepo wa kulirudisha, puto linaingia Uganda; ndiyo maana Desemba 2019 mamlaka ya usafiri wa anga ya Uganda nayo ilitia saini makubaliano na Loon. Ruhusa ya mwisho ya Kenya ilikuja Machi 2020, korona ilipoingia na serikali ikataka watu waweze kufanya kazi na kusoma wakiwa nyumbani.

Wanaolaumu urasimu wana hoja, ila wasiizidishe. Anga ni ya ndege kwanza. Mtambo mkubwa kiasi hicho unaoshuka kwa parachuti mwisho wa maisha yake lazima mtu mwenye mamlaka ajue utaangukia wapi. Kilichouma zaidi ni kwamba katika miaka hiyo miwili minara haikusimama kungoja. Safaricom ilikuwa imeshafikisha 4G katika kaunti zote 47. Ramani ambayo Loon iliijia mwaka 2018 haikuwa tena ile iliyoikuta mwaka 2020.

Daftari la hesabu

Eneo lililohudumiwa lilikuwa kama kilomita za mraba 50,000, chini kidogo ya sehemu moja ya kumi na moja ya Kenya. Maputo yaliyopangwa kulihudumia yalikuwa kama 35.

Weka namba hizo mbili pamoja. Puto moja liliweza kuangaza duara lenye nusu kipenyo cha kilomita 40, yaani kilomita za mraba 5,000 kwa makadirio. Kwa hesabu ya karatasini, maputo 10 yangetosha. Kwa nini basi 35? Kwa sababu upepo haupangiwi zamu. Wakati puto moja liko juu ya Baringo likihudumia watu, jingine liko mbali likizunguka kurudi, jingine linapitisha tu data ya wenzake, na jingine linaangaza mahali ambapo tayari pameangazwa ili pengo lisitokee. Kwa kila puto lililozalisha, mawili na zaidi yalikuwa safarini.

Halafu kuna umri. Maputo ya Loon yalizoea kukaa angani zaidi ya siku 100, na lililoweka rekodi lilidumu siku 312. Chukua wastani wa kukisia wa siku 150, ambao kwangu ni ukarimu. Kubakiza maputo 35 angani mwaka mzima kungehitaji kurusha kama 85. Kila moja na heliamu yake, sola zake, redio zake, safari yake kutoka upande wa pili wa dunia, na watu wa kwenda kuokota mabaki yake lilipotua. Mnara wa chuma una gharama zake nzito, dizeli ya jenereta na mlinzi wa usiku vikiwamo, lakini ukishasimama unakaa miaka na miaka mahali ulipowekwa.

Sasa upande wa mapato. Kabla ya uzinduzi, wakati wa majaribio, Loon ilisema watu zaidi ya 35,000 walikuwa wameunganishwa na maputo hayo. Gawa kwa kilomita za mraba 50,000 upate chini ya mtu mmoja kwa kila kilomita ya mraba. Ni kweli hayo yalikuwa majaribio, na haki inataka tuseme hivyo. Lakini mtu huyo mmoja wa kijijini hununua bando ya shilingi ishirini, akipata hela hununua ya hamsini, na pesa hiyo Telkom na Loon wagawane.

Alastair Westgarth, aliyekuwa mkuu wa Loon, alipotangaza kufunga alieleza sababu kwa uwazi ambao si wa kawaida kwa wakuu wa makampuni: washirika walipatikana, ila hawakuona njia ya kushusha gharama kiasi cha kuwa na biashara ya kudumu. Mpaka hapo kila mchambuzi anakubali. Mimi nataka kwenda hatua moja mbele.

Laini iliyokuwa ndani ya simu

Daftari lina pande mbili, na karibu maandishi yote kuhusu Loon yanachunguza upande wa gharama. Tuangalie upande wa watu.

Ili mtu apate mtandao wa puto alipaswa kutimiza masharti matatu kwa pamoja. Awe na simu ya 4G. Awe mahali ambapo mnara haumfikii, la sivyo puto halimwongezei kitu. Na awe na laini ya Telkom.

Sharti la kwanza peke yake liliondoa watu wengi. Ukienda maeneo ya wafugaji utakuta simu iliyozagaa ni kabambe ya vitufe, inayokaa na chaji siku nne, kwa sababu kuchaji ni kumpelekea simu mwenye duka la sola na kumlipa. Chama cha makampuni ya simu duniani, GSMA, kimekuwa kikirudia jambo hili katika ripoti zake mwaka baada ya mwaka: kusini mwa Sahara, watu wanaoishi ndani ya eneo lenye mtandao wa intaneti lakini hawautumii ni wengi mara kadhaa kuliko wale ambao mtandao haujawafikia kabisa. Puto linamsaidia mtu wa kundi la pili. Kwa kundi la kwanza, lililo kubwa zaidi, halina la kufanya.

Sharti la pili nalo lina jambo. Maeneo yaliyotajwa kwenye uzinduzi ni Iten, Eldoret, Baringo, Nakuru, Kakamega, Kisumu, Kisii, Bomet, Kericho na Narok. Anayeijua Kenya akisoma orodha hiyo anakuna kichwa. Eldoret, Nakuru na Kisumu ni miji mikubwa yenye minara kila upande. Kisii ni miongoni mwa maeneo yaliyojaa watu kuliko mengi nchini. Baringo ndiyo, na sehemu za Narok pia, lakini Turkana, Marsabit na Wajir, ambako mtu hutembea nusu siku kutafuta kilima chenye mtandao, hazikuwamo. Puto huangaza duara zima, halichagui kijiji, kwa hiyo haikuepukika kufunika miji pamoja na mashamba. Ila matokeo yake ni kwamba sehemu kubwa ya lile eneo la kilomita za mraba 50,000 ilikuwa ya watu waliokuwa na mtandao tayari, ingawa si wa Telkom.

Sharti la tatu ndilo zito. Mwaka ule, katika kila laini 10 za simu Kenya, zaidi ya 6 zilikuwa za Safaricom. Telkom haikufikisha hata moja katika kumi. Na laini ya Safaricom haiachiki hivihivi, kwa sababu ndani yake mna M-Pesa: ndimo mshahara unamoingia, karo inamolipwa, chama kinamochangiwa. Telkom ilikuwa na T-Kash, huduma yake ya pesa, lakini jirani yako na mwenye duka hawakuwa nayo. Mtu angeweza kununua laini ya pili, simu nyingi zina nafasi mbili. Angeinunua wapi? Kampuni isipokuwa na mnara mahali, kwa kawaida haina wakala pale, haina mwenye mwavuli wa kusajili laini, haina duka la kuuza kredito. Hapohapo ambapo puto lilihitajika zaidi ndipo laini ya kulitumia ilipokuwa adimu zaidi.

Telkom yenyewe ilikuwa katika kipindi kigumu. Ilikuwa imetangaza Februari 2019 kwamba inaungana na Airtel Kenya, mazungumzo yakaburuzwa mwaka na nusu, na Agosti 2020, mwezi mmoja tu baada ya uzinduzi wa Radad, mpango ukavunjwa. Kampuni isiyojua kesho yake itakuwa ya nani haina nguvu ya kupeleka mawakala Tiaty na Mukutani kuuza laini.

Linganisha na Peru. Novemba 2019 Loon ilitia saini mkataba na Internet para Todos, kampuni ya Peru iliyoanzishwa mahsusi kujenga mtandao wa vijijini na kuwauzia makampuni ya simu kwa jumla. Loon ingeleta maputo juu ya Loreto, katika msitu wa Amazon, na kampuni yoyote ya simu ingeweza kununua nafasi kwa wateja wake. Loon ilikufa kabla Loreto haijaanza, kwa hiyo hatuna kipimo cha matokeo. Lakini mpango wenyewe unaonyesha kwamba walioubuni waliona tatizo. Kiufundi, kituo kimoja cha 4G kinaweza kutangaza majina ya makampuni kadhaa kwa wakati mmoja, na kila simu ikalitambua lake. Puto la Baringo lingeweza kushika laini ya Safaricom, ya Airtel na ya Telkom kwa antena zilezile. Kikwazo kilikuwa mikataba na leseni.

Sisemi kwamba laini za Safaricom zingeiokoa Loon. Maputo 85 kwa mwaka ni mzigo ambao huenda hata wateja mara kumi wasingeubeba. Ninachosema ni kwamba gharama kwa kila mtu ni mgao, na waliojadili kisa hiki wamekodolea macho kinachogawanywa wakasahau kinachogawanya. Mtambo wa bei ghali uliwekwa juu ya watu wote, ukafungwa kwa kampuni yenye wateja wachache kuliko zote tatu kubwa.

Vilivyobaki

Loon ilipofungwa iliahidi dola milioni 10 kwa mashirika na biashara za Kenya zinazoshughulikia mawasiliano na elimu. Hataza zake (haki za uvumbuzi) kama 200 zilikwenda kwa SoftBank ya Japani. Programu iliyopanga maputo yaelekeze antena wapi ilitoka Google mwaka 2022 ikiwa kampuni mpya, Aalyria, na sasa inapangia setilaiti na meli. Vodacom Msumbiji, iliyokuwa imesaini Mei 2020 kupata maputo juu ya Cabo Delgado na Niassa, ilibaki na karatasi.

Mrithi aliyefanya vizuri kuliko wote ni Taara, mradi wa Alphabet wa kupitisha data kwa miale ya mwanga. Loon ilikuwa imejaribu kuunganisha maputo kwa miale ya mwanga. Baadhi ya wahandisi wakaishusha miale hiyo ardhini, wakaiweka juu ya minara na mapaa, nukta kwa nukta. Kati ya Brazzaville na Kinshasa kuna Mto Kongo tu, kilomita 4.8 kwa mstari ulionyooka, lakini nyaya za faiba zilizounganisha miji hiyo zilizunguka zaidi ya kilomita 400, na intaneti ya Kinshasa ikawa ghali mara tano. Mwaka 2021, Taara na kampuni ya mawasiliano ya Liquid walivusha mwale juu ya mto. Katika siku 20 ulibeba terabaiti karibu 700, na muda uliokuwa hewani ulifika asilimia 99.9. Ukungu na vumbi vinausumbua, wala haufai kumfuata mtu anayetembea. Lakini tazama jinsi daftari lake lilivyo: vifaa viwili, kila kimoja kwenye paa lake, hakuna cha kurusha tena kila baada ya miezi mitano, na data inayopita ni ya laini zote za mji, za kampuni yoyote. Mwaka 2025 Taara ilitoka Alphabet ikajitegemea.

Wanaorudi angani

Wazo la mnara wa stratosfia halikufa na Loon. Mkutano wa dunia wa masafa ya redio uliofanyika Dubai mwishoni mwa 2023 ulikubali vituo vya simu vya stratosfia vitumie baadhi ya masafa yaleyale ya minara ya kawaida, yakiwamo ya kati ya megahezi 694 na 960. Kwa lugha ya kawaida: sheria ya kimataifa sasa inaitambua kazi ambayo Loon iliifanya kwa vibali vya kuungaunga.

Na aliyekuja kuijaribu amekuja Kenya tena. Zephyr ni ndege isiyo na rubani ya kampuni ya AALTO, iliyo chini ya Airbus, yenye mabawa ya mita 25 na uzito usiofika kilo 75. Inaishi kwa jua. Mchana inachaji betri, usiku inazitumia. Kituo chake cha kurukia kiko Laikipia. Februari 2025 ilipaa kutoka hapo, ikakaa angani siku 67 bila kutua, rekodi mpya. Katika kipindi hichohicho kampuni za Japani, NTT Docomo na Space Compass, ziliitumia kupeleka data hadi kwenye simu ya kawaida iliyokuwa ardhini, kwa kasi ya megabiti 4.66 kwa sekunde. Bado iko chini ya kasi ya Loon ya 2020. Faida yake ni kwamba ina injini. Inakaa pale unapoiambia ikae. Ile hesabu ya maputo 35 kwa kazi ya 10 inapungua sana, kwa sababu huhitaji kundi zima lililoko safarini likirudi. Umri wa siku 67, kwa upande mwingine, ni mfupi kuliko wa puto. Ukipita Laikipia usiulize kama mtandao unashika. Uliza ndege ngapi zitahitajika kwa mwaka kuhudumia eneo moja.

Setilaiti za kuongea na simu zimekwenda mbali zaidi. Aprili 2023, kampuni ya Marekani ya AST SpaceMobile ilipitisha simu ya sauti kutoka Texas hadi Japani kwa simu ya kawaida isiyobadilishwa chochote, kupitia setilaiti yenye antena ya mita za mraba 64. Starlink ilianza kurusha setilaiti zake za aina hiyo Januari 2024, na mwishoni mwa mwaka huo One NZ ya New Zealand, nchi ambako Loon ilirusha maputo yake ya kwanza ya hadharani mwaka 2013, ikaanza kutuma ujumbe mfupi kupitia kwao. Ujumbe mfupi, si video. Ile 324 ya hapo juu haina huruma: duara la setilaiti moja ni kubwa mno, na uwezo wake unagawanywa kwa wote walio ndani. Hata Starlink ya sahani, yenye nguvu zaidi, ilisimamisha kupokea wateja wapya Nairobi mwishoni mwa 2024 kwa sababu nafasi ilijaa.

Hapa ndipo kisa cha Radad kinapojirudia. Desemba 2025 Airtel Africa ilitangaza mkataba na SpaceX, wenye Starlink, wa kuleta huduma ya setilaiti hadi simu katika nchi zake 14. Vodafone, iliyo ndani ya ukoo mmoja na Vodacom na Safaricom, ina hisa katika AST SpaceMobile. Kila kampuni ya simu inatafuta anga lake. Mchungaji wa North Horr mwenye laini ya kampuni moja anaweza kukaa chini ya setilaiti inayohudumia laini ya kampuni nyingine, asipate hata ujumbe wa kumwita daktari wa mifugo.

Njia ya kuzuia hilo ni sheria ya kuutaka mtambo wa angani upokee laini za kampuni zote. Wapo watakaosema soko liachwe lichague, na watataja Rwanda. Mwaka 2013 Rwanda iliipa kampuni moja, KT Rwanda Networks, kazi ya kujenga 4G kwa nchi nzima na kuwauzia wengine kwa jumla. Minara ilijengwa, ikafunika zaidi ya watu 9 katika kila 10, lakini watumiaji hawakuja kwa wingi uliotarajiwa. Baadaye serikali ilifungua mlango, na mwaka 2023 MTN ikawasha 4G yake yenyewe. Ni onyo la haki, ila linahusu ukiritimba: kampuni moja pekee kuruhusiwa kujenga. Ninachotaka ni kidogo kuliko hicho. Kampuni yoyote ilete setilaiti au ndege yake, na ishindane. Lakini mahali ambapo hakuna mnara wa mtu yeyote, mtambo wa angani uliopewa masafa ya umma upokee laini zote kwa bei ya jumla inayojulikana, na simu na ujumbe wa dharura upokewe bure. Simu zimeundwa tangu zamani kupiga namba ya dharura kupitia mnara wa kampuni yoyote iliyo karibu. Hakuna sababu ya mnara ulio juu kuwa na sheria tofauti na ulio chini.

Sharti hilo likiandikwa kwenye leseni kabla haijatiwa saini, linagharimu kikao kimoja cha wanasheria. Likiachwa mpaka huduma iwe imeanza na kampuni imeshapanga bei zake, litakwenda mahakamani. Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, TCRA ya Tanzania na UCC ya Uganda zina nafasi ya kuliandika sasa, maombi ya setilaiti hadi simu yakiwa ndiyo kwanza yanafika mezani.